Kibaba Kisichoonekana

Siku ya Jumanne, tarehe 5 Juni 2018, tukiwa na saumu ya ishirini, nilikuwa nimeketi barazani kwangu Mtongwe, upande wa Likoni, nangoja adhana ya alasiri. Simu ikalia mlio wa ujumbe. Nilidhani ni dada yangu aliyeko Maskati, maana saa zile ndizo zake za kupumzika na kazi. Kumbe siye. Ilikuwa ni kampuni ya simu, ikinijulisha kwa adabu njema kabisa ya kwamba bili yangu ya mwezi wa Mei imefika shilingi 10,730, na ya kwamba inaona fahari kuwa nami miongoni mwa wateja wake.

Mtu aliyezoea kutunga mashairi huhesabu mizani kutwa kucha, kwa hivyo tarakimu hazimtishi. Walakini zile zilinitisha. Nilivua miwani nikaifuta kwa ncha ya kanzu, nikasoma tena, nikakuta ni zile zile. Laini yangu ni ya kulipia mwisho wa mwezi. Nimekuwa nayo tangu nilipokuwa nikitumwa na gazeti kwenda Kwale na Lamu kutafuta habari, na siku zote hizo bili haijapata kupita shilingi 1,600. Jina la kampuni nitalihifadhi. Sikukusudia kumshitaki mtu hapa, na kama atakavyoona msomaji huko mbele, mshitakiwa wa kisa hiki ni mwingine kabisa.

Nikawapigia. Baada ya kusikilizishwa muziki muda wa kutosha mtu kuchukua udhu na kuswali sunna, akanijia kijana mwenye sauti ya upole. "Mzee, hizi ni data," akasema. Nikamwuliza hizo data zimeingiaje katika pesa zangu. Akanieleza ya kwamba kifurushi changu kilikwisha usiku wa tarehe 26 Mei, kwenye saa nne na nusu, nami nikaendelea kutumia. Nilitumia MB 2,300 nje ya kifurushi, na kila MB moja ni shilingi 4. Hesabu yake ni shilingi 9,200. Zilizobaki ni bili yangu ya desturi.

Alinitajia zilipoanza. Sikumwuliza zilikwisha saa ngapi, na laiti ningemwuliza, nisingekuwa na kisa cha kuwasimulia leo.

Kwani usiku wa tarehe 26 Mei haukuwa usiku wa kusahaulika. Ndio usiku ule wa fainali ya vilabu vya Ulaya, iliyochezwa huko Kyiv, Liverpool na Real Madrid. Mimi si mtu wa mpira, lakini mwaka ule hata sisi tusiojua mpira tulimjua Mohamed Salah. Kutoka Mtongwe mpaka Changamwe, kutoka Kisauni mpaka Majengo, kila mtoto alijiita Salah, na wazee mabarazani walibishana kama siku ya mchezo Mmisri yule atafunga au atakula. Mchezo ulianza saa tatu na dakika arubaini na tano za usiku kwa saa zetu. Haukufika mbali Salah akaangushwa, bega likaumia, akatoka uwanjani akilia. Madrid wakashinda mabao 3 kwa 1. Hayo yote niliyasikia asubuhi yake, kama mtu anavyosikia habari za msiba wa jirani.

Nyumbani kwangu, basi, mna mtoto wa kiume wa dada yangu, ambaye mwaka ule alikuwa na miaka kumi na minne. Mamake alikwenda Oman kutafuta riziki akaniachia amana. Kila usiku baada ya tarawehe nilimpa simu yangu azungumze na mamake. Nasema azungumze, lakini hasa walikuwa wakipelekeana ujumbe wa sauti, maana wakati ule Oman simu za WhatsApp zilikuwa zimezuiwa hazipiti. Kijana husema maneno yake akayatuma, mama akayasikia huko, naye akajibu. Ndiyo kusema kwamba katika nyumba ile watu waliokuwa wakiishika simu yangu ni wawili tu, mimi na yeye, na kati yetu mwenye wazimu wa Salah anajulikana.

Mambo yakaungana kichwani mwangu kama vina.

"Ndoo hapa," nikamwita. Walikuwapo barazani wazee watatu waliokuja kungoja adhana, na ilikuwa hasira yangu ndiyo iliyosema, kwa hivyo sikuona haja ya kuingia naye ndani. "Usiku wa Salah ulikuwa wapi?" Akainamisha kichwa. "Mpira hukuutezama?" Akasema, "Niliutezama, Mjomba." "Kwa simu yangu?" "La, Mjomba." "Basi uliutezama wapi, mbinguni?" Hapo akanyamaza.

Mzee mmoja akatikisa kichwa akasema watoto wa siku hizi wamelogwa na hivi vidude. Mwingine, Mungu amjaalie heri, akaninong'oneza kwamba mtoto ni wa amana, niende naye polepole. Nikamjibu ya kwamba mtoto wa amana ndiye anayetaka kulelewa kwa mkazo. Nikatoa hukumu: hatagusa simu mpaka Idi. Sikumpiga, sikumtukana, nami nikajiona nimefanya upole mkubwa.

Usiku ule Maskati ikaita. Ujumbe wa kwanza dada yangu alisema, "Mwanangu yuko wapi?" Nikamjibu yuko msikitini. Usiku wa pili nikamjibu amelala. Usiku wa tatu nikamwambia anadurusu juzuu yake. Nilikuwa nimefunga, msomaji, na hayo ndiyo niliyokuwa nikiyasema.

Katika siku zile, kilichonikera kuliko shilingi zenyewe ni kwamba sikukijua nilichouziwa. Nilipokuwa mdogo, bibi yangu alikuwa akinituma dukani kununua mchele. Kilo zilikuwa zimekwisha ingia, lakini bibi na mwenye duka waliendelea na vipimo vyao vya asili: vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Na kibaba kilikuwa na maneno yake. Kipo cha mfuto, kinachopitishwa mkono juu kikawa sawasawa na mdomo, na kipo cha tele, kinachorundikwa mpaka kikawa na kilima. Bibi hakunituma kibaba hivi hivi, alisema cha tele, nami nilisimama mbele ya mwenye duka nikiutazama mkono wake. Mkono ukiteleza, naona. Nikinyamaza, nimekubali. Mwalimu wetu wa chuoni, alipotufikisha Surat al-Mutaffifin katika Juzuu Amma, hakuwa na kazi ngumu ya kutueleza wanaopunja vipimo ni watu gani. Kila mtoto pale alikuwa amewahi kutumwa dukani.

Sasa kibaba cha siku hizi kinaitwa megabaiti. Baiti moja ni kiasi cha kuandikia herufi moja. Ukikusanya milioni moja hivi umepata megabaiti moja, ndiyo MB, na MB 1,024 ndizo zinazofanya gigabaiti moja, ndiyo GB. Hilo si gumu, ni kama vibaba na pishi. Ugumu ni kwamba duka liko upande wa muuzaji na kipimo kiko upande wa muuzaji, mnunuzi haoni mkono. Tena vitu havili sawa. Barua ya maneno matupu haili kitu cha kutajika. Kisomo cha Qur'ani cha sauti peke yake hula MB zisizozidi 60 kwa saa. Lakini picha inayotembea, hata ile isiyo safi sana, hula karibu MB 500 kwa saa moja. Mtu hawezi kulijua hilo kwa kuitazama simu, kwani vyote vinapita katika kioo kile kile kidogo.

Na bei je? Kifurushi changu kilikuwa cha shilingi 1,000 kwa GB 4, kwa hivyo kila MB ilinigharimu kama robo ya shilingi. Nje ya kifurushi MB ile ile ni shilingi 4. Yaani ni kama mtu amekwenda dukani kununua mchele, mwenye duka akampimia vibaba kwa bei waliyoafikiana, vilipokwisha akaendelea kumimina bila kusema kitu, na kila kibaba kinachofuata kikawa kwa bei mara kumi na sita. Katika vitabu vya fiqhi tulifundishwa ya kwamba haifai kumuuza samaki aliye bado baharini wala ndege aliye angani, kwa kuwa mnunuzi hajui atapata nini. Mimi si mwanachuoni, hukumu ya vifurushi nawaachia wenyewe. Lakini nadhani mwenye akili ataona kwa nini nilimkumbuka yule samaki.

Tena kuna jambo lililonifanya nicheke peke yangu katika dhiki ile. Mkongo wa kwanza wa intaneti ulioletwa na serikali kwa njia ya bahari, ule uitwao TEAMS, ulifika Mombasa mwezi wa Juni 2009, nao ulitoka Fujaira, katika Ghuba. Kabla ya hapo nchi ilitegemea setilaiti, ambazo bei yake ilikuwa ya wafalme. Basi hizi data zatujia kwa njia ile ile waliyokuja nayo manahodha wa mababu zetu, wakiletwa na kaskazi pamoja na tende na mazulia. Kampuni nazo zinajua kutuchotea maneno yetu. Safaricom wana mkopo wa salio wanaouita Okoa Jahazi, ambao hukatwa asilimia 10 juu yake, na watu wa dini wamebishana sana kama ile asilimia ni ujira wa kazi au ni riba. Mimi kila nilisikiapo jina lile hujiuliza ni nani aliyetoboa jahazi.

Nirudi kwenye kisa. Siku ya Jumatano tarehe 13, Idi ikiwa imebakiza siku mbili, simu yangu ikaanza kuzima ovyo. Nikampelekea fundi mmoja kijana ambaye ana kibanda chake karibu na feri ya Likoni. Akaifungua, akalitoa betri, akalitazama limevimba kama andazi. "Mzee, hili limekufa kwa joto," akasema. "Huwa wailaza ikifanya kazi?" Nikamwambia mimi silazi simu ikifanya kazi, labda mpwa wangu, na hapo nikapata nafasi ya kulia kilio changu chote: bili, kifurushi, Salah.

Fundi akatia betri jipya, akaingia mahali penye hesabu ya data, mahali ambapo mimi katika miaka yote ya kuwa na simu sikupata kupafungua. Kumbe simu yenyewe huandika kila programu imekula kiasi gani. Akanionyesha: YouTube, GB 2.7, karibu zote kwa usiku mmoja.

"Huo ndio mpira," nikasema.

Akaingia ndani zaidi, mahali panapohifadhiwa orodha ya yaliyotazamwa. Akanyamaza kidogo. Kisha akanigeuzia kioo nisome mwenyewe. "Mzee, hapa hakuna mpira," akasema. "Hapa ni Makka."

Nilishika nguzo ya kibanda. Usiku ule ulinirudia wote kwa mara moja. Nilikuwa nimetoka tarawehe, nikalala kitandani, nikafungua matangazo ya moja kwa moja kutoka Masjid al-Haram. Huko katika Ramadhani isha huadhiniwa saa mbili nzima baada ya magharibi, na saa yao ni saa yetu, kwa hivyo sisi tukisha wao wamo ndani. Napenda sana kuwasikia. Nikaiweka simu juu ya mto karibu na sikio, nikasema nitasikiliza rakaa mbili tatu. Nilipozindukana ilikuwa wakati wa daku, simu imezimika, moto kama chuma cha pasi. Nikaitia umemeni nikaenda kula. Matangazo yale hayana mwisho, huendelea usiku na mchana. Watu walikuwa wakitufu, mimi nikikoroma, na MB zikihesabiwa mpaka saa tisa za usiku, saa ambayo uwanja wa Kyiv ulikuwa umefungwa zamani.

Mtaniuliza, vipi mtu mzima asikumbuke jambo kama hilo? Nami nimejiuliza sana. Jibu nililolipata halinipendezi. Nilipoambiwa data, mimi nilifikiri mambo ya vijana, nyimbo na mipira na upuuzi. Kusikiliza Makka nilikuwa nimekuandika katika daftari jingine kabisa, la thawabu, na haikunipitia moyoni kwamba madaftari yale mawili kampuni inayasoma kama moja.

Fundi hakuwa amemaliza. "Na huyo mpwa wako," akasema huku akifunga skrubu, "usiku ule nilikuwa naye bandani. Salah alipotolewa alilia, nikamnunulia soda anyamaze."

Ikawa wazi kwa nini kijana alinyamaza. Banda la video nilikuwa nimempiga marufuku kwa kiapo. Na ili kuwahi nafasi bandani, aliswali rakaa nane akatoroka zilizobaki. Akisema alikuwa wapi, atakuwa ameepuka kosa asilolifanya kwa kukiri mawili aliyoyafanya, tena mbele ya wazee.

Sikurudi nyumbani moja kwa moja. Nilipanda feri, ambayo kwa mtu wa miguu haina malipo, labda ndiyo huduma pekee Likoni ambayo haiwezi kukushtua mwisho wa mwezi, nikavuka kwenda mjini kwenye ofisi ya kampuni. Binti aliyevaa buibui akanipokea vizuri. Akanichapishia karatasi yenye saa zote, na ujumbe wa kunionya kwamba kifurushi kimekwisha: ulitumwa saa nne na nusu za usiku, kwa Kiingereza. Nikamwuliza kama hakuna njia ya kuwekewa kikomo, kwamba ikifika kiasi fulani laini ijifunge. "Iko, baba," akasema, "ilikuwako siku zote." "Mbona sikuambiwa?" Akatabasamu kwa haya. Ilikuwa si kazi yake kunijibu. Akaniwekea kikomo cha shilingi 2,000 kwa mibofyo mitatu ya kidole, nami nikakubaliana naye kulipa deni kwa mafungu matatu. Fungu la kwanza zilikuwa pesa za nguo za Idi.

Hapa nami nina neno langu. Kanuni za kumlinda mtumiaji wa mawasiliano zilizotolewa Kenya mwaka 2010 zinampa haki ya kuelezwa bei na masharti waziwazi, na asiyeridhika na jibu la kampuni yake anaweza kupeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Hilo ni jema. Lakini haki ya kuelezwa ni ya nani, kama maelezo yenyewe yaja usiku wa manane kwa lugha ya watu wengine? Mwaka ule ule wa 2010 nchi za Umoja wa Ulaya ziliziamuru kampuni zao kwamba mtu akiwa safarini nchi ya pili, data zake zikifika yuro 50 zikatwe mpaka mwenyewe aseme ziendelee. Yaani kikomo kipo tangu mwanzo, anayetaka kukiondoa ndiye aombe. Kwangu mimi ilikuwa kinyume: mlango ulikuwa wazi, na anayetaka kuufunga ndiye aende akaulize kama una ufunguo.

Tangu wakati ule mambo yamebadilika kiasi. Mwaka 2019 Safaricom walianza kuuza vifurushi visivyokwisha muda. Serikali nayo haikukaa mbali na kisima: ushuru wa data ulitiwa asilimia 15 mwaka 2018, ukapandishwa hadi 20 mwaka 2021, ukarudishwa 15 mwaka 2023, mbali na kodi ya thamani. Ndugu zetu wa Tanzania walipoamka mwezi wa Aprili 2021 wakakuta bei za vifurushi zimeruka, walipiga kelele kubwa hata serikali ikaamuru za zamani zirudishwe. Sisi huku aghalabu hulalamika mmoja mmoja, kila mtu na bili yake, na aghalabu humlalamikia aliye karibu.

Kwa wazee wenzangu wanaoshika simu hizi kama mimi: ingia kwenye mipangilio ya simu, ambayo siku hizi aweza kuigeuza ikasema Kiswahili, utafute hesabu ya data. Hapo patakuonyesha nani amekula nini. Pana kitu kinaitwa Kiokoa Data, ambacho huzikataza programu kujilia chinichini wakati wewe huzitumii. Katika WhatsApp zima ule mtindo wa kupakua video zenyewe, kwani makundi yetu ya harusi na matanga hutuma video tangu alfajiri. Na ukitaka kulala na Qur'ani, pakua sauti mara moja ukiwa na kifurushi, uisikilize usiku kucha bila kudaiwa. Hayo yote alinifunza fundi wa Likoni kwa shilingi mia mbili, na betri juu yake.

Nilirudi Mtongwe kabla ya magharibi. Njiani nilijaribu kumtungia kijana beti mbili za kumtaka radhi. Vina vilikuja kwa wepesi mno, vikapangana, mpaka mwenyewe nikaona haya, nikaikunja karatasi nikaitia mfukoni. Wale wazee watatu walikuwapo barazani. Nikamwita kijana, nikamwambia aketi, tena aketi pale juu pamoja nasi. Nikasema: "Mimi ndiye niliyekula data. Nililala na Makka iko wazi. Nilimtuhumu mtoto huyu mbele zenu, nanyi shuhudieni kwamba nilimdhulumu." Yule mzee aliyesema watoto wamelogwa akakohoa, akauliza saa ngapi adhana. Yule aliyeninong'oneza akacheka hata machozi yakamtoka, akasema hajapata kusikia mtu aliyefilisiwa na tawafu bila kutoka Likoni.

Kijana alikuwa amekaa kimya. Kisha akasema, polepole, kwamba alijua.

"Ulijua nini?"

"Nilikuona, Mjomba. Niliporudi usiku ule, Makka yasoma nawe umelala."

"Mbona hukuizima?"

Akatazama chini. "Niliona vibaya kuizima Qur'ani," akasema. "Tena ningekuamsha, ungeniuliza natoka wapi."

Hakuna aliyecheka. Habari ya banda na ya zile rakaa nilizungumza naye siku nyingine, sisi wawili peke yetu, kama ilivyonipasa kufanya tangu siku ya kwanza.

Baada ya tarawehe nikampa simu. Alitoka nayo uani, akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akamrekodia mamake ujumbe wa dakika tatu. Sikusikiliza alilomwambia. Aliporudisha simu niliingia mahali pale alipopafungua fundi, nikatazama ule ujumbe umekula kiasi gani. Haukufika MB moja. Hata kwa bei ile ya nje ya kifurushi, usingefika shilingi nne, nami nilikuwa nimemnyima siku nane.